Nyota ya Saba

Kalima, 12 Aprili 1999

Shemeji Odette,

Nakusalimu wewe na cherehani yako, maana najua mkiachana nusu saa mnaumwa wote wawili. Mdogo wako Gisèle ni mzima, watoto ni wazima, na mimi mume wake ni mzima pia, isipokuwa hasira.

Hasira yenyewe ni hii. Jana askari walioshika Kalima waliwaita wakuu wote wa shule. Mkubwa wao akasema kwamba ifikapo tarehe 31 mwezi wa tano kila shule iwe na bendera, na isiwe ile ya kijani, iwe hii ya sasa. Shule isiyo na bendera itafungwa na askari watalala madarasani. Nikanyoosha kidole kama mtoto wa darasa la kwanza nikauliza inauzwa wapi. Akaniambia, "Weye njo mwalimu, tafuta."

Shule ya jirani walikwisha kulala humo mwezi wa pili. Madawati yote waliyachoma kupikia ugali. Mimi nina watoto mia tatu na kumi na wawili, shemeji, na madawati niliyoyachonga na wazazi kwa miaka minne. Siwezi kuyaona yakiwa kuni.

Namtuma Aimé, yule mfanyabiashara anayesukuma baiskeli ya mchele hadi Kindu. Chini ya mchele ameficha bendera yetu ya zamani, ile ya kijani yenye mkono na mwenge. Usimwonyeshe mtu. Huku hakuna kitambaa cha njano, lakini ule mviringo wa katikati bado una nguvu, kata nyota humo. Bulu utatafuta wewe.

Sasa sikiliza vizuri, maana najua unasoma barua zangu huku mguu unakanyaga cherehani. Bendera ni ya bulu. Katikati kuna nyota moja kubwa ya njano, ndiyo umoja wetu. Upande wa kamba, kutoka juu mpaka chini, kuna nyota ndogo sita, ndiyo majimbo sita ya mwaka wa sitini: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Katanga, Kasai. Sita. Kila moja ina pembe tano na pembe moja inatazama juu.

Shemeji yako anayekutegemea,
Félicien Bakari, mkuu wa shule


Kindu, 4 Mei 1999

Shemeji mkuu wa shule (umeona, sijasahau cheo),

Aimé alitumia siku sita njiani. Mchele ulilowa, bendera ilifika kavu. Kabla ya kuikunjua nilifunga mlango na dirisha. Halafu nikachukua mkasi nikaikata. Miaka yote ile tuliichezea ngoma na kuiimbia kila asubuhi, nikadhani nitaionea huruma. Sikuionea hata kidogo.

Kazi ni ngumu kuliko unavyodhani wewe mtu wa chaki. Mkono na mwenge vimekula nusu ya njano. Nyota kubwa imebidi iwe na kipande cha moto wa mwenge, nimekigeuza ndani kisionekane. Bulu nimezunguka soko zima sijapata. Tangu reli ikatike hakuna kitambaa kinachopanda kutoka Katanga. Mwisho nimefungua sanduku la mama nikatoa kombinezo mbili, nguo za kazi za marehemu baba, zile za bulu za reli. Moja ina doa la mafuta ambalo sabuni ya miaka ishirini haikulitoa. Nimeliweka chini kabisa, pembeni. Kwa hiyo baba yetu atapepea juu ya shule yako, yeye ambaye hakutaka umwoe Gisèle. Msalimie kila asubuhi.

Lakini hesabu yako imenikera, na leo nitasema. Maniema, jimbo letu, iko wapi humo? Usiniandikie kwamba imo ndani ya Kivu. Tulitoka Kivu mwaka wa themanini na nane, redio ilisema, tulicheza barabarani mpaka viatu vikakatika. Mimi baba yangu aliletwa hapa na reli kutoka Kasai. Kila mtu sokoni ananiita Mukasai, ingawa kitovu changu kilizikwa hapa Kindu, mtaa wa Mikelenge. Haya, mimi nina nyota. Wewe babu yako na babu wa babu yako wamezikwa huko kwenu Pangi, na huna. Unasimama mbele ya kitambaa hicho na mkono kifuani, unafundisha watoto wa Pangi majina ya nyota za watu. Huoni uchungu?

Odette Mbelu


Kalima, 13 Mei 1999

Shemeji,

Bendera si kitenge cha kuongezea maua. Walioichora walikuwa na majimbo sita mbele yao, nasi tunaishika ilivyo. Uchungu ninao, lakini uchungu hauna nafasi kwenye bendera. Zimebaki siku kumi na nane. Nakuomba, shona sita, mpe Aimé.

Félicien


Kindu, 22 Mei 1999

Shemeji,

Imekwisha. Nimeikunja mara nne nikamfunga nayo Aimé kiunoni chini ya shati, anaonekana mwenye mimba. Nimeshona mara mbili kila pembe ili mvua zenu zisiibandue. Ikunjue vizuri kabla hujaipandisha, iangalie yote, halafu uniandikie neno moja la kweli juu ya kazi yangu. Neno moja tu. Sihitaji hotuba.

Odette


Kalima, 24 Juni 1999

Shemeji Odette,

Bendera ilifika kwa wakati na shule haikufungwa. Asante. Gisèle ananiandikia barua hii kwa sababu nilianguka na baiskeli, mkono wa kuume umefungwa.

Nakuomba jambo moja tu. Usishone bendera tena kwa mtu yeyote.

Félicien


Kindu, 9 Septemba 1999

Bwana Félicien,

Leo sikuiti shemeji, utanisamehe.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta lile neno moja. Sikuliona. Nimeona tu kwamba nisishone tena. Nimekukatia nguo za baba yangu, nimekaa na kitambaa ambacho wangenikuta nacho wangenipiga, nawe unanijibu kama mtu anayemkataza mtoto kuchezea wembe. Kama kuna kitu hukukipenda kwenye bendera ile, kitaje! Unakijua, nami nakijua. Nilidhani utacheka, au utakasirika ufumue uzi na kuniandikia matusi ya Kifaransa. Nilikuwa tayari kwa yote mawili. Sikuwa tayari kwa baiskeli.

Na sasa nasikia umeacha shule unalima mihogo. Umechoka chaki? Au askari walikupa kitu kizuri zaidi? Sielewi, na hakuna anayenielewesha. Hata Gisèle, nikimuuliza, anaandika habari za kuku.

Odette


Kindu, 18 Machi 2006

Shemeji,

Miaka inakwenda nami nimechoka kununa peke yangu. Nakuandikia kwa sababu tumepata bendera mpya, bila shaka redio imekwambia. Bulu ya mbingu. Mstari mwekundu unapanda kutoka chini upande wa kamba mpaka juu upande wa pili, una ukingo wa njano huku na huku. Nyota ni moja, juu, karibu na kamba. Wanasema bulu ni amani, njano ni utajiri, nyota ni mwanga wa kesho, na nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi. Damu ya nani, hawasemi. Mimi kila nikishona mstari ule nawaweka watu wangu ninaowajua.

Wamenipa kazi ya kushona za biro zote, ofisi za serikali, za hapa mjini. Unaona, sikukutii. Nimekushonea moja ya ziada. Nyota ni moja tu, kwa hiyo hakuna tena mtu wa kukukera kwa hesabu.

Odette


Kalima, 2 Aprili 2006

Shemeji,

Nimepata. Ni kazi nzuri. Lakini mimi si mkuu wa shule, nyumbani sina mti wa bendera. Nairudisha kwa mkono wa Aimé, mpe mwingine.

Félicien

(Usicheke mwandiko. Ni wa kushoto.)


Kindu, 3 Novemba 2024

Shemeji,

Simu yako unaizima kila nikipiga, basi utaisoma karatasi, na Déborah atakusimamia mpaka uimalize. Huyo binti yako ameniambia yote.

Alikuja hapa wiki iliyopita na bahasha ya vyeti vyako. Walimu wa zamani waliofutwa wakati wa vita wanaweza kurudishiwa matrikule, ile namba inayomfanya mtu awe mwalimu mbele ya serikali, na kuwekwa kwenye orodha ya waliostaafu kwa heshima. Nikafurahi. Nikamuuliza, baba yako alifutwa kwa nini, si aliacha mwenyewe? Mtoto akaniangalia kama mtu aliyemeza jiwe. Halafu akaniambia: "Mama mukubwa, ni juu ya nyota yako."

Miaka ishirini na mitano! Mkono wako haukuanguka na baiskeli yoyote. Mdogo wangu Gisèle amelala kaburini miaka kumi na mitatu na hilo kifuani, kwa sababu ulimwapisha. Mimi nimekununia, nimekusema sokoni, nimekuita mwenye majivuno mbele ya watu. Kumbe mkono wako ulivunjwa kwa kitu nilichokishona nikiwa nimekasirika, kipande cha njano kilichobaki mezani. Sikukuandikia kwamba kipo. Nilitaka ukione mwenyewe ushangae. Nimelia, Félicien, na sasa nimemaliza, tufanye kazi.

Nimekwenda biro. Kwenye faili lako wameandika: aliharibu bendera ya taifa kwa makusudi. Kijana wa dirishani, Patou, ni mtu mwema, ameniambia njia iko. Mimi niandike kwamba nilikosea kushona. Nimekwisha kuandika na kutia kidole. Wewe ujaze fomu hii ninayoituma, ina mstari mmoja: kwamba ulipandisha bendera bila kujua kwamba ina nyota ndogo saba. Andika "sikujua", weka sahihi, basi. Orodha inafungwa Ijumaa tarehe 29. Usiniletee ubishi. Nimekunyang'anya jina lako, niache nikurudishie.

Dada wa mkeo,
Odette


Kalima, 17 Novemba 2024

Shemeji Odette,

Nakuandikia kwa kushoto, kwa hiyo polepole, na Déborah amekaa mlangoni kama polisi.

Kwanza ujue kwamba jina langu nalitaka. Usidhani mimi ni mzee mwenye kiburi asiyejali. Kila mwaka shule zinapofunguliwa nasikia kengele kutoka shambani na jembe linasimama lenyewe. Ningependa nife nikiwa mwalimu.

Sasa nikwambie nilichokuwa sijakwambia. Aimé alifika Jumamosi, watoto wa darasa la sita walikuwa wanafagia. Nikaikunjua juu ya meza. Uliniambia niiangalie yote, nikaiangalia, nikahesabu nyota ndogo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Na nyingine tena, chini kabisa, karibu na doa la mafuta la baba mkwe. Nilikutukana kwa sauti, Mungu anisamehe. Nikatoa wembe mfukoni nianze kufumua.

Msichana mmoja aliyeitwa Françoise akaacha ufagio akaja kuhesabu. Hao nilikuwa nimewafundisha majina yote sita, wakiyaimba. Akaniuliza, "Mwalimu, ile ya saba njo ya wapi?"

Nikamwambia, ni ya hapa.

Akageuka akawaita wenzake: "Mukuje muone! Kumbe na sisi tuko!" Wakaja wote, wakaigusa mmoja mmoja kwa vidole vya vumbi. Miaka kumi na minane nilikuwa nimefundisha bendera, sijawahi kuona mtoto anataka kuigusa. Nikaurudisha wembe mfukoni. Jumatatu tarehe 31 nikaipandisha mwenyewe.

Ilipepea siku nane. Siku ya tisa mkubwa wa askari alipita asubuhi, watoto wakiwa kwenye mistari. Akainua kidole akahesabu. "Hii ya saba njo ya nani?" Hapo, shemeji, mlango ulikuwa wazi. Ningesema fundi amekosea na angecheka. Lakini watoto mia tatu walikuwa wananitazama, na Françoise alikuwa mstari wa mbele. Nikasema ni ya Maniema.

"Kumbe munataka inchi yenu peke yenu?" Akaishusha. Akanifanya nifumue nyota kwa wembe wangu mbele ya watoto. Nilipomaliza akaniambia, "Kula sasa jimbo yako, tuone." Nikaitia mdomoni nikatafuna. Kitambaa hakimezeki, sijui kama umewahi kujaribu. Nikaibana shavuni. Ndipo wakaweka mkono wangu juu ya jiwe la mti wa bendera, na habari ya mkono unaijua.

Shule haikufungwa. Waliweka mkuu mwingine na bendera ile ile, nyota ndogo sita. Lakini ulikuwa umeshona mara mbili kila pembe. Matundu ya sindano yalibaki. Jua likiwa nyuma ya kitambaa, mwanga ulipita humo na nyota ya saba ikaonekana. Gisèle alikuwa anapita pale kila asubuhi makusudi, akija shambani ananiambia, "Iko."

Nilikuficha kwa sababu ungejilaumu, na kwa sababu niliogopa ungeshona nyingine wakakujua. Nilipoandika usishone, ilikuwa hofu, haikuwa dharau. Nilipaswa kulisema mapema. Lile neno moja uliloomba mwaka ule nakuandikia leo: ilipendeza.

Fomu nairudisha. Nimejaza mstari wao. Ningeandika wanavyotaka, watoto wale, ambao sasa wana watoto wao, wangesikia kwamba mwalimu aliyewafundisha kuhesabu hakuweza kuhesabu mpaka saba. Na Françoise je? Nimwambie nilipojibu "ni ya hapa" sikujua ninachosema? Nimeandika: "Nilijua." Nimetia sahihi. Unikasirikie tu.

Ndani ya bahasha kuna kitu kingine, kimefungwa kwa plastiki. Kina alama za meno. Ni chako, ulikishona wewe.

Félicien Bakari


Kindu, 2 Desemba 2024

Shemeji mbishi, mgumu, mtu wa kuniua kwa hasira,

Nilisoma barua yako nimesimama nikamaliza nimekaa chini. Halafu nikapiga meza mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Neno moja tulikuomba! Watu nchi nzima wanasema hawakujua mambo makubwa kuliko haya na usiku wanalala vizuri.

Hata hivyo nilikwenda biro siku tatu mfululizo na fomu yako. Patou aliisoma akakuna kichwa. "Mama Odette, hapa mutu anaandika hakujua, tunapiga muhuri, inaisha. Huyu ameandika alijua. Fomu haina nafasi ya mutu mwenye alijua." Nikamwambia basi tafuta fomu nyingine. Akasema haipo. Nikamwambia aandike pembeni. Akasema pembeni hawasomi. Nikamwambia amwite mkubwa wake, mkubwa wake akasema vilevile, kwa Kifaransa. Ijumaa saa tisa walifunga orodha. Jina lako halimo, Félicien. Sikufichi, nimechoka na kufichana. Nilirudi nyumbani nikilia barabarani kama mtoto aliyepigwa.

Ile karatasi yangu ya kusema nilikosea nimeichukua dirishani nikaichana. Sikukosea. Nilijua na wewe ulijua, na sasa Déborah anajua.

Lakini ngoja nikwambie la mwisho. Unakumbuka ni nani anawashonea bendera hao wa biro. Yao ya zamani ilikuwa imepasuliwa na mvua, nami nilikuwa na mpya mezani, imebaki pindo tu, lile la upande wa kamba ambalo ni tabaka mbili na hakuna anayelifungua. Jumamosi niliitoa nyota yako kwenye plastiki. Niliifua. Meno hayatoki, nimeyaacha. Nikaiweka ndani ya pindo nikaishona mara mbili kila pembe, halafu nikafunga juu yake.

Leo asubuhi walipandisha. Filimbi ililia, na unajua mji huu, filimbi ikilia kila mtu anaganda alipo. Wa pikipiki walizima mota na kuweka miguu chini. Mama mmoja alisimama na beseni la mihogo kichwani, shingo imenyooka. Patou alitoka mlangoni, mkubwa wake nyuma yake, mikono kifuani. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara na goti langu bovu nikaitazama ikipanda mpaka juu.

Wamekusimamia wote, shemeji, na kila asubuhi watakusimamia. Fomu yao ilitaka mtu asiyejua. Sasa wasiojua wamejaa mlangoni kwao.

Fundi wako,
Odette Mbelu